“Sina cha kuficha”: karatasi ya karanga na miaka 31 ya masjala

Karani Mstaafu (mleta uzi)

Habari za jioni, wanajamvi.

Jumamosi iliyopita nilinunua karanga za shilingi mia tano kwa kijana anayepita mtaani kwetu, na kama ilivyo desturi alinifungia katika karatasi aliyoiviringisha. Nilipofika nyumbani na kuzimimina sahanini nikaona kwamba karatasi yenyewe ni ukurasa wa pili wa fomu ya kuombea mkopo, uliojazwa kwa kalamu ya buluu na mwandiko mzuri, ukiwa na jina kamili la mwombaji, namba ya simu, namba ya kitambulisho, mshahara, idadi ya watoto, sababu ya kukopa na sahihi yake. Nilimwonyesha mtoto wa kaka yangu aliyekuwa amekuja kunitembelea. Akaitazama, akacheka, akasema maneno yaliyonifanya nifungue uzi huu: “Sasa shangazi, hapo kuna lipi la kumdhuru mtu? Mimi hata wangeniandika ukutani, sina cha kuficha.”

Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa jibu langu ni refu na chai ilikuwa inachemka. Ninalileta hapa.

Nilifanya kazi katika masjala ya hospitali kwa miaka 31. Kwa wasioijua, masjala ni kile chumba cha mafaili ambacho mgonjwa huona kidirisha chake tu: anatoa kadi, karani anasoma namba, anaingia kati ya rafu, anarudi na faili, na faili linapelekwa kwa daktari bila kupitia mikononi mwa mgonjwa. Watu hudhani kwamba kazi ngumu pale ni kutafuta faili lililopotea. Kazi ngumu ilikuwa ni kukataa. Alikuja mama wa bwana harusi akitaka tu kujua kama mkwe mtarajiwa ana afya njema, akaja mwenye nyumba, akaja msimamizi wa kiwanda, akaja jirani aliyedai kwamba anataka kuandaa mchango wa matibabu, na kila mmoja wao alikuwa na sababu ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaona haya kumkatalia. Ajabu ni kwamba mafaili waliyoyataka, kwa sehemu kubwa mno, hayakuwa na jambo lolote la kumtia mtu aibu. Yalikuwa na malaria, presha, meno, na vidonda.

Nitaeleza la kidonda. Palikuwa na mwalimu mmoja wa kike ambaye kidonda chake cha kifundo cha mguu kilikataa kupona, akapangiwa kuja kusafishwa kila Alhamisi. Chumba cha kufungia vidonda kilikuwa mwisho wa ukumbi, na mlango uliotangulia ulikuwa wa kliniki ya kifua kikuu, ambayo nayo siku yake ilikuwa hiyohiyo Alhamisi. Mtu kutoka shuleni kwake alimwona kwenye benchi wiki mbili mfululizo. Wiki ya tatu mwalimu yule alisimama mbele ya kidirisha changu akilia, akiomba barua ya kueleza anaumwa nini, kwa sababu baadhi ya wazazi walikuwa wameanza kuwahamisha watoto wao kutoka darasani kwake. Hakuwa na cha kuficha; alikuwa na kidonda. Lakini ili aaminiwe ilimbidi aweke hadharani mambo ya mwili wake ambayo hakuna mwalimu mwenzake aliyewahi kuulizwa, na hata baada ya barua kusomwa wapo waliosema kwamba hospitali imemsitiri.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba swali la kama mtu ana cha kuficha au hana, si yeye anayelijibu. Hulijibu yule aliyeipata habari, kwa akili yake, kwa hofu yake na kwa maslahi yake, na mara nyingi hulijibu wakati mwenye habari hayupo kujieleza. Mtoto wa kaka yangu anajipima kwa mizani iliyo nyumbani kwake, ilhali atakayempima atakuja na mizani yake.

Tena tunachanganya siri na faragha kana kwamba ni kitu kimoja. Siri ni jambo ambalo hutaki lijulikane. Faragha ni haki ya kuchagua nani alijue, lini, na kwa shughuli gani. Wazee wanapokaa chumba cha ndani kuzungumzia mahari, mtaa mzima unajua kinachozungumzwa na hakuna aliyetenda kosa, ila jirani akiingia na kuketi kati yao kusikiliza, hata watoto watajua kwamba amevuka mpaka. Katiba yetu ya Tanzania ya mwaka 1977 inalitaja jambo hili katika ibara ya 16, inayompa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake. Haikuweka sharti kwamba mtu huyo awe kwanza na jambo la kuficha.

Karibuni tujadili.

Msafirishaji wa Ziwa

Shikamoo mama. Nimesoma kwa makini, na kwa heshima zote sikubaliani nawe.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wakasema mficha uchi hazai. Hawakuwa wajinga. Nchi zetu zimeumizwa zaidi na watu wanaojificha kuliko na watu wanaochungulia. Mimi nina biashara ya mizigo hapa Mwanza, na mwaka juzi nilipigiwa simu na mtu aliyenitaja kwa majina yangu yote matatu, akataja hata kiasi cha fedha nilichokuwa nimetuma asubuhi ile, akasema muamala umekwama na kwamba anisaidie kuurekebisha. Kwa kuwa alijua kila kitu, nilimwamini, na nilipokata simu salio langu lilikuwa limebaki sifuri. Tangu hapo ninasema kila laini isajiliwe, kila kamera iwashwe, na kila mtu ajulikane yuko wapi. Anayekataa nitamuuliza bila kumung’unya maneno: una nini unachokificha?

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu, na pole kwa hasara hiyo.

Nianze na methali, kwa kuwa umezitumia vizuri ila umeziishia katikati. Anayejifungua hamfichi mkunga uchi wake, hilo ni kweli, lakini humfichulia mkunga, wala hauanzi msafara wa mtaa kuingia chumbani. Mkunga mwenyewe akitoka pale na kwenda kusimulia aliyoyaona, mzazi atakayefuata atajifungulia peke yake porini. Hali ni hiyohiyo kwa maradhi. Mgonjwa hufunguka kwa daktari kwa sababu anaamini kwamba yatakomea hapo, na nimewaona kwa macho yangu watu walioacha kuja kliniki si kwa kukosa nauli bali kwa sababu karani fulani alikuwa na mdomo mwepesi. Faragha ndiyo inayomfanya mficha maradhi aache kuficha.

Sasa kuhusu mwizi wako. Umesema alijua majina yako matatu na kiasi ulichotuma asubuhi. Naomba ujiulize aliyajuaje. Wewe hukumwambia. Kuna mahali taarifa zako zilikuwa zimewekwa, pengine katika mfumo, pengine katika daftari la kibandani, pengine kwa mtu aliyesimama nyuma yako, na kutoka hapo zikamfikia yeye. Ulichoibiwa kwanza kilikuwa faragha, fedha zilifuata.

Usajili wa laini kwa alama za vidole tuliufanya sote kuanzia tarehe 1 Mei 2019, na mwisho uliwekwa tarehe 20 Januari 2020, mimi nikiwa miongoni mwa waliopanga foleni siku za mwisho. Sisemi ulikuwa wa bure. Lakini ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” haujakoma, na wapo waliobonyeza *106# wakakuta kitambulisho chao kimesajili laini wasizozijua, kwa sababu wakala aliwaambia waweke kidole mara ya pili na ya tatu akidai mashine haijasoma. Waliweka kidole kwa moyo mweupe. Hawakuwa na cha kuficha.

Binti wa Langoni

Salamu kutoka Nairobi, ingawa mimi ni mzaliwa wa Lamu na ninayasoma haya nikiwa na nyumba ya bibi yangu akilini. Nyumba zile za mawe zilijengwa na watu walioelewa haya anayoyasema Bi. Karani. Mgeni wa kawaida huishia kwenye baraza au kwenye daka la mlangoni, njia ya kuingilia imepindishwa ili mpita njia asione kiwanda, yaani ua wa ndani, hata mlango ukiwa wazi, na kadiri unavyokaribishwa ndivyo unavyosogea, mpaka ufike ndani, ambako ni watu wachache tu hufika. Mtoto alifundishwa kupiga hodi mara tatu na kuondoka asipojibiwa. Kwa sisi Waislamu ni amri iliyo katika Surat An-Nur, aya ya 27, ya kutoingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa, na Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Hakuna aliyesema kwamba nyumba yenye hodi ni nyumba ya wezi.

Nataka niongeze mifano ya huku Kenya, kwa kuwa tumeipitia, mingine mahakamani, na imeandikwa.

Mnamo Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza faini tatu kwa mpigo, jumla yake shilingi 9,375,000 za Kenya. Ya kwanza ilikuwa ya shilingi 4,550,000 kwa shule moja ya Uthiru iliyochapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, ya pili shilingi 1,850,000 kwa ukumbi mmoja wa starehe uliotangaza biashara kwa picha ya mteja bila kumuuliza, na ya tatu shilingi 2,975,000 kwa kampuni ya mikopo ya simu iliyotumia majina na namba za watu wasiohusika kuwasumbua wadeni. Watazameni waathiriwa: watoto wa shule, mtu aliyetoka kujiburudisha, na watu ambao namba zao zilikuwa ndani ya simu za wengine. Hakuna mhalifu hata mmoja kati yao.

Mfano wa pili unanigusa zaidi. Mwezi Februari 2015 ilitolewa amri ya serikali kwamba zikusanywe taarifa za wanafunzi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, pamoja na walezi wao na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, majina yakiwa yameunganishwa na hali zao. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: kupanga dawa na huduma. Mwezi Desemba 2016 Mahakama Kuu ilisema kwamba amri hiyo inakiuka Katiba, ambayo ibara yake ya 31 inalinda faragha, ikiwa ni pamoja na haki ya kutotakiwa kufichua bila sababu mambo ya familia yako. Mtoto wa miaka tisa aliyezaliwa na virusi hana kosa alilolifanya, lakini kila mtu anajua orodha ile ingemfanya nini siku ingetua mezani pa mwalimu mbeya.

Na mwaka 2023 tulishuhudia foleni za maelfu katika jumba la mikutano la KICC hapa Nairobi, vijana wakipiga mboni za macho yao picha kwenye mtambo wa mradi wa Worldcoin ili wapewe sarafu za kidijitali ambazo wakati huo zilikuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi mwanzoni mwa Agosti mwaka huo, na tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data zile za kibayometriki zifutwe katika muda wa siku saba. Niliwauliza baadhi ya waliopanga foleni kwa nini walikubali. Walinijibu kwamba jicho halina siri. Nenosiri likiibiwa unalibadilisha. Jicho utalibadilisha na lipi?

Fundi wa Kioo

Shikamoo mama yetu. Sikusoma sheria kama dada wa Lamu, ila ninatengeneza simu Kariakoo na nina la kusema.

Mteja akileta simu iliyopasuka kioo, mara nyingi hunipa na nenosiri bila hata kuulizwa, kisha anaondoka kwenda kula. Nikimwambia kwamba kioo kinabadilishwa bila nenosiri, hujibu kwamba hana cha kuficha. Huenda ni kweli upande wake. Lakini mle ndani mna ujumbe wa dada yake aliyekuwa anamweleza matatizo ya ndoa, mna picha ya cheti cha kifo cha baba wa rafiki yake, mna orodha ya michango ya kikoba yenye majina ya akina mama ishirini na madeni yao, na sauti za watu waliozungumza wakijua wanazungumza na yeye, si na fundi. Simu ni kama nyumba ya kupanga yenye wapangaji wengi: mmoja hawezi kuacha mlango mkuu wazi usiku kwa hoja kwamba chumbani kwake hamna kitu.

Hapo ndipo mikopo ya mtandaoni ilipotuumiza wengi. Unapakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu, unabonyeza kukubali kwa sababu unataka shilingi elfu hamsini za haraka. Ukichelewa siku mbili, ujumbe unakwenda kwa mkwe wako, kwa bosi wako, kwa mchungaji wako, wakiambiwa kwamba wewe ni tapeli na kwamba wamewekwa kuwa wadhamini wako. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwezi Novemba 2024 majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na ninavyoona mezani kwangu, nyingine huja na majina mapya kila msimu. Mimi mwenyewe nilipokea ujumbe wa namna hiyo kuhusu mteja wangu mmoja. Sikuwa nimekopa wala kudhamini, na sikuwa na cha kuficha, ila kwa siku tatu nilikuwa nimeshikishwa aibu ya mtu mwingine kama chombo cha kumpigia. Yeye hakurudi tena kwenye meza yangu, hata simu yake ameiacha.

Mpita Njia wa Kigali

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa siku mbili, na nimesita kuandika. Kiswahili nilikipata Bukavu, ila kwetu ni Rwanda.

Mwalimu wa kidonda alinikumbusha jambo moja. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwahesabu watu wetu na kuwapa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la kila mtu: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Wakati ule mwenye kitambulisho hakuwa na sababu ya kukificha. Ilikuwa habari ya kawaida ya kiofisi, kama vile jina la baba na mahali pa kuzaliwa. Wabelgiji waliondoka, uhuru ukaja mwaka 1962, serikali zikabadilika, na lile neno likabaki palepale kwenye kadi, kizazi baada ya kizazi. Kuanzia Aprili 1994 wauaji waliokuwa wamesimama kwenye vizuizi vya barabarani waliomba kila anayepita atoe kitambulisho, na kwa watu wengi sana neno lile moja lilitosha.

Aliyeliandika neno hilo hakujua litakuja kusomwa na nani. Aliyeandikiwa naye hakujua. Ndiyo maana maneno ya Bi. Karani kwamba mwenye kupima huja na mizani yake hayakunipita hivihivi. Baada ya mwaka ule kabila liliondolewa kwenye vitambulisho vyetu. Ninapomsikia kijana anasema hana cha kuficha, ninataka kumuuliza anazungumza kwa niaba ya mwaka gani.

Msafirishaji wa Ziwa

Ndugu yangu wa Kigali, umeninyamazisha kwa muda, nami siwezi kulipinga ulilolisema. Na mama, swali lako kuhusu mwizi alikopatia jina langu limeninyima usingizi, kwa sababu sasa ninaanza kumshuku mtu ninayemfahamu.

Hata hivyo bado sijashawishika moja kwa moja. Mfano wa Rwanda ni wa serikali iliyogeuka kuwa muuaji. Siku serikali ikifika huko, hata bila karatasi itawapata inaowatafuta, kwa maana majirani wanajuana. Na upande wa pili, hospitali isiyoandika haitibu, benki isiyouliza haikopeshi, na polisi wasiojua chochote hawamkamati aliyenifilisi. Mnataka nini hasa? Tuishi kama vivuli, kila mtu na jina la bandia kama sisi humu?

Karani Mstaafu

Umeuliza vizuri, na kuhusu majirani umesema kweli kwa sehemu. Jirani hujua. Lakini jirani humjua jirani. Kizuizini husimama mtu asiyekujua, na karatasi ndiyo inayomfanyia kazi ambayo macho yake yasingeiweza.

Kuhusu kuandika, mimi ndiye wa mwisho kukuambia watu wasiandike. Nimeandika maisha yangu yote. Nitakueleza tulivyokuwa tukifanya, maana huenda ndilo jibu la “mnataka nini”. Kila faili lililotoka kwenye rafu liliacha kadi mahali pake. Kwenye kadi iliandikwa namba ya faili, tarehe, saa, jina la aliyelichukua, idara yake, na shughuli anayolichukulia. Hata daktari mkuu aliandika. Faili likikaa nje zaidi ya siku mbili nilikuwa na haki ya kupanda ngazi kwenda kuliulizia, na nilipanda, na nilichukiwa kwa hilo. Ukitaka faili la mke wako kwa kuwa wewe ni mganga wa zamu, jibu lilikuwa hapana, kwa sababu uganga wako na ndoa yako ni vitu viwili. Na mafaili ya zamani sana hayakuuzwa kwa kilo; yalichomwa mbele ya kamati, na kamati ikatia sahihi.

Hiyo kadi ndiyo ninayoitaka, mwanangu. Leo taarifa zangu ziko kwa kampuni ya simu, benki, bima, duka la dawa, shule ya wajukuu, na kwenye daftari la wageni la kila jengo ninaloingia mjini, ambalo mlinzi analiacha wazi juu ya meza ili anayefuata asome jina na namba ya aliyetangulia. Mtoto wa kike wa jirani yangu aliandika namba yake kwenye daftari la namna hiyo alipokwenda kwenye usaili wa kazi, na jioni akaanza kupokea ujumbe wa kuposwa na mtu asiyemjua. Ninapouliza nani amelifungua faili langu, hakuna kadi ya kunionyesha. Wao wananijua, mimi siwajui. Wananiambia niwe muwazi, lakini nikiwauliza wamempa nani, wanasema ni siri ya ofisi. Mwenye cha kuficha hapo ni nani?

Sheria yetu ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa tarehe 3 Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya taarifa aseme anazikusanya kwa kusudi gani na asizitumie kwa jingine, na inampa mwenye taarifa haki ya kuuliza na kusahihishiwa. Kwa maneno ya masjala, imetuandikia kadi. Wangapi kati yetu wameitumia? Mimi mwenyewe niliitumia mara moja tu, nilipokataa kuacha nakala ya kitambulisho mahali nilipokwenda kununua jokofu, na muuzaji alinitazama kana kwamba nimeliiba.

Kuhusu aliyekufilisi, polisi waende kwa hakimu, wapate kibali, wafungue faili lake kwa jina lake, waache kadi. Wakifanya hivyo nitawasaidia kubeba. Ila kuyafungua mafaili ya mtaa mzima kwa kuwa ndani yake huenda yumo mwizi mmoja, hiyo siyo kazi ya masjala, na katika miaka yangu 31 sikuona imempata mwizi.

Fundi wa Kioo

Mama, niliuliza moyoni tangu mwanzo nikaona haya. Ile karatasi ya karanga uliifanyia nini? Ulimpigia mwenyewe?

Karani Mstaafu

Sikumpigia. Niliona kwamba nikimpigia, atajua kwamba mtu asiyemfahamu ana namba yake, mshahara wake na idadi ya watoto wake, na hatakuwa na njia ya kunisahaulisha. Niliitia kwenye jiko la mkaa na kuisubiri mpaka ikaisha yote.

Lakini kwa kuwa umeuliza nitakwambia na lililobaki, ambalo mtoto wa kaka yangu sikumwambia. Kabla ya kuichoma niliisoma. Niliisoma yote, mistari ya mwanzo hadi sahihi, na palipoandikwa sababu ya kukopa nilipasoma mara mbili kwa sababu wino ulikuwa umeingiwa na mafuta ya karanga. Nilikuwa nimevaa miwani, nimekaa vizuri, chai iko pembeni. Nilipofika mwisho ndipo nilipokumbuka kazi niliyokuwa nikiifanya.